Hadi Kengele ya Tatu

Watu wengi hudhani kazi ya kushika bendera ni kutembea nayo. Kutembea hata mbuzi anatembea. Kazi yenyewe ni kusimama. Nilisimama na bendera ya walinzi wa parokia yetu miaka kumi na mmoja, kule juu milimani, ambako ukiwa uwanja wa kanisa unauona mji wa Same wote chini yako, stesheni yake na vumbi lake, na upande wa pili unasikia maji yakishuka kutoka msituni. Katika miaka hiyo sikuwahi kuyumba mbele ya watu. Naandika haya kwa sababu baba yangu alikufa nikiwa nimesimama hivyo, na kwa sababu mama aliniuliza swali moja juu ya siku ile, nami nikamjibu uongo.

Zilikuwa enzi za Mwingereza, vita ya pili imekwisha, na kila kijiji kilikuwa na wanaume waliorudi na makoti ya jeshi wakatafuta mahali pa kuyavalia. Kwetu walipata kanisani. Walinzi walikuwepo tangu zamani, wanaume kumi na wawili wenye mikanda ya kitambaa chekundu begani, kazi yao kuisindikiza Sakramenti siku za maandamano, kusimama mlangoni siku ya Pasaka, na kuzikana. Lakini alipokuja sajini wetu kutoka Burma, na sikio moja tu linalosikia, kikundi kikawa jeshi kamili. Tulipigishwa mguu sawa na mguu pande kila Jumamosi nyuma ya sakristia mpaka wanawake waliokuwa wakifagia kanisa wakaanza kuziita amri kabla yake. Alitukaripia kana kwamba adui yuko kwenye migomba. Tulimcheka, lakini si mbele yake, na kusema kweli tulipendeza.

Baba ndiye aliyeshika bendera kabla yangu. Aliishika tangu nikiwa mtoto mpaka mikono yake ilipoanza kutetemeka, na siku alipoona kikombe cha chai kinamshinda alinitazama mimi, si kikombe. Akaanza kunifundisha kabla hajaombwa na mtu. Bendera ile ilikuwa kitambaa cheupe kizito chenye kalisi ya manjano iliyofumwa na masista, na mlingoti wake ulikuwa mti mgumu wa msitu wa Shengena, wenye msalaba wa shaba kichwani. Unaubeba kwa kikombe cha ngozi kinachokaa chini ya kitovu, kilichoshikwa na mkanda kutoka begani. Baba hakuniruhusu kuugusa mlingoti wenyewe. Alikata mti mwingine wa urefu uleule, akaning'iniza nusu debe la maji kwenye ncha, akanisimamisha uani kila Jumapili baada ya misa. Likimwagika tone, tunaanza upya. Mama aliweka makande mezani, akayafunika, akayafunua, akayarudisha jikoni. Mara moja siafu walinipanda miguu yote miwili. Baba aliwaona. Alinisubiri nimalize.

Kilichokuwa kigumu kuliko yote ni baraka. Maandamano yakifika kwenye kituo, padri huinua Sakramenti kuwabariki watu, na kengele hulia mara tatu. Kengele ya kwanza, watu wote wamepiga magoti na kuinamisha nyuso chini, na mshika bendera anaulaza mlingoti mbele yake taratibu mpaka ulingane na ardhi, bila kitambaa kugusa vumbi. Kengele ya pili, anaukamata hapohapo kwa nguvu za mikono na mgongo. Kengele ya tatu, anauinua. Muda wote huo yeye hapigi magoti wala hainami. Anasimama ubavu kwa altare, uso kwa watu, macho wazi. Sajini alieleza kwamba mlinzi aliyefumba macho si mlinzi. Baba aliongeza la kwake: mdomo unafungwa hadi kengele ya tatu, hata nyoka akikupanda mguuni. Mimi sikuuliza ni kwa nini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne na nilitaka sana kupendeza.

Mwaka wa pili wa ushikaji wangu, askofu alipanda kuja kwetu siku ya sikukuu ya Ekaristi. Alikuja kwa gari mpaka barabara ilipoishia, kisha kwa miguu, na watu walifagia njia mpaka mahali ambapo hata kuku hawapiti. Kituo cha mwisho cha maandamano kiliwekwa kwenye uwanja mdogo wa nyasi juu ya ndiva.

Ndiva ni bwawa la kuhifadhi maji ya mfereji, na Mpare hahitaji kuelezwa, ila naona siku hizi nawaandikia na wengine. Lilichimbwa na mababu, likazungushiwa ukuta wa mawe na udongo wa mfinyanzi. Maji hujaa usiku, na alfajiri mzee wa maji huchomoa kizibo cha mti pale chini ya ukuta ili yashuke mashambani kwa wenye zamu siku hiyo. Kufika saa sita mchana ndiva linakuwa tope tu, na watoto wanachezea humo. Kila siku iko hivyo. Siku ile haikuwa hivyo. Jumamosi mzee wa maji alikwenda kumwomba padri ruhusa ya kuchomoa kizibo alfajiri ya sikukuu, akieleza kwamba mvua zilikuwa nyingi na ukuta umelowa. Padri alijibu kwamba sikukuu haina kazi za mikono, na maji yatasubiri kama watu wengine. Basi Jumapili saa sita ndiva lilikuwa limejaa pomoni, na ukuta, ambao juu yake ndipo penye njia, ulikuwa laini kama uji uliopoa.

Nilimwambia baba abaki nyumbani. Miguu yake ilikuwa mibaya na alitembelea fimbo. Aliniuliza kama nilitaka amwambie askofu kwamba mshika bendera mstaafu alilala. Akavaa mkanda wake mwekundu uliokwisha rangi na akatoka kabla yangu.

Tulikwenda vizuri. Nilitangulia na bendera, nikapita juu ya ukuta wa ndiva kwa hatua ndogondogo, nikapanda uwanjani, nikageuka na kusimama pembeni ya altare. Nyuma yangu wakaja walinzi, halafu askofu chini ya hema la kitambaa lililobebwa kwa fito nne, na Sakramenti mikononi, halafu watu. Uwanja haukuwatosha. Wanawake walijaa upande wa kushoto, wanaume kulia, na mkia wa wanaume ukabaki umejipanga juu ya ukuta wenyewe, ng'ambo ya maji, unatazamana nami. Mtu wa mwisho kabisa alikuwa baba. Alikuwa ameachwa nyuma na wenye miguu, akafika peke yake, akasimama karibu na kizibo, hatua kama kumi kutoka kwa mtu aliyemtangulia. Nilimwona vizuri. Niliona hata kwamba anahema.

Kengele ya kwanza ikalia. Watu wote wakashuka magotini kwa mshindo mmoja, wakainamisha vichwa. Niliulaza mlingoti. Ng'ambo ya maji nilimwona baba naye akianza kushuka, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine ukitafuta chini. Alipoweka goti, udongo uliondoka chini yake. Hakupiga kelele. Aliteremka kando ya ukuta, akaingia majini wima, kama mtu anayeshuka kisimani kwa ngazi.

Kengele ya pili.

Nataka niseme sawasawa kilichofuata, maana nimekisema vibaya mara nyingi moyoni mwangu. Watu zaidi ya mia nne walikuwa pale na wote walikuwa wakitazama nyasi. Mimi peke yangu nilikuwa nimesimama na macho wazi. Baba aliibuka. Kichwa chake kilionekana na mkono wake mmoja, ulionyooshwa. Aliutazama uwanja, akaniona mimi, kwa sababu mimi peke yangu ndiye niliyekuwa wa kuonekana. Mlingoti ulikuwa umelala mbele yangu, mgongo unaniuma, jasho linaingia machoni. Nilikuwa na mdomo. Kulikuwa na kimya cha kutosha kwamba ningesema neno moja tu kwa sauti ya kawaida, na watu wa kwenye ukuta wangegeuka na kumshika.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilidhani maji hayakuwa na kina. Uongo, nililiona ndiva limejaa. Nilijiambia pia kwamba ule mkono ulikuwa ukiniambia nitulie, nisiiaibishe bendera, kwani hivyo ndivyo alivyonifundisha. Huu nao ni upuuzi. Mtu aliye majini ananyoosha mkono kwa sababu anataka kuvutwa. Ukweli ni kwamba niliogopa kupiga kelele mbele ya Sakramenti na askofu, nikaogopa kwamba kitambaa kitagusa chini, nikajiambia kengele ya tatu imekaribia. Nilifikiri mambo hayo matatu, kwa utaratibu huo, na baba alikuwa wa nne.

Askofu alikuwa mzee na aliibariki dunia taratibu. Aligeuka upande huu, akageuka upande ule. Mkono ulizama. Ukarudi, mfupi zaidi. Ukazama. Maji yakatikisika kidogo, yakatulia, na fimbo ikabaki ikielea.

Kengele ya tatu ilipolia niliinua mlingoti, na kitambaa hakikuwa kimegusa hata unyasi. Na hata hapo sikusema. Nilikuwa nimechelewa kusema, na kusema wakati ule kulikuwa kukiri kwamba nilikuwa nimeona. Nikangoja mtu mwingine aone. Mwanamume aliyekuwa mbele ya baba pale ukutani aliinuka, akapangusa magoti, akageuka nyuma akimtafuta mzee aliyekuwa akimfuata, akaona fimbo. Yeye ndiye aliyepiga yowe. Walinzi walivunja mstari, na mimi nikamkabidhi msaidizi wangu bendera kama inavyotakiwa, akainama, nikainama, akaupokea mkanda, ndipo nikakimbia. Hili ndilo huniamsha hata leo. Niliinama.

Hakuna aliyejua kuogelea, sisi ni watu wa milimani. Mzee wa maji alichomoa kizibo, sikukuu au si sikukuu, na maji yakashuka yote kwa kishindo kuelekea mashambani. Tukakaa ukingoni tukiyangoja yapungue. Baba alionekana pole pole, kwanza mkanda, kisha bega. Maharage ya jirani yetu aliyekuwa na zamu siku ile yalinyeshewa maji yote yale, na mwaka huo yalistawi sana. Alituletea gunia zima, na mama akalipokea, akamshukuru.

Karani wa mfumwa, yaani wa chifu wetu, alipanda kesho yake na daftari. Aliuliza nani aliona. Hakuna aliyeona. Akaandika ajali, akanywa chai, akashuka. Siku ya mazishi sajini aliniamuru nimwinamishie baba bendera mara tatu juu ya kaburi, heshima ambayo mlinzi aliyekufa anastahili, na nilifanya bila kuyumba. Watu waliosimama karibu walinong'ona kwamba mzee amekufa kifo kitakatifu, katikati ya baraka, na kwamba mwana ana moyo wa chuma. Askofu alituma salamu kwamba alikuwa hajaona bendera ikishikwa vile. Salamu hizo zilisomwa kanisani. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilikwenda kuungama. Nilimweleza padri kila kitu, hata mambo yale matatu na utaratibu wake. Nilitaka aniambie kwamba ni dhambi, anipe kitubio cha kuniumiza goti, niteseke, yaishe. Nyuma ya pazia lake akasema kwamba sikuwa na nia mbaya, kwamba nilikuwa kwenye utii, na kwamba Mungu huchagua saa. Akanipa Salamu Maria tatu. Nadhani alikuwa akifikiria maji aliyoyazuia yeye. Nilimchukia nikitoka pale, na nikasali zile tatu.

Mama aliniuliza siku ya tatu ya matanga. Alikuwa amenyolewa, amekaa mkekani, na wanawake walikuwa wametoka nje kuteka maji. Alinyoosha kanga juu ya magoti yake kwa muda mrefu.

"Baba," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe, "watu wote tulikuwa tumeinama. Wewe ulikuwa umesimama. Ulikuwa unatazama wapi?"

"Nilikuwa naitazama Sakramenti, mama."

Mama alikuwa mke wa mshika bendera kabla hajawa mama wa mshika bendera. Alijua kwamba tunasimama ubavu kwa altare na uso kwa watu. Hata mtoto wa katekisimu alijua. Alinitazama kidogo.

"Haya," akasema. "Nenda kale."

Hakuniuliza tena. Miaka tisa tuliishi katika ua mmoja, nikaoa, nikapata watoto, akawalea, tukala pamoja, na nikaendelea kusimama na bendera kila sikukuu, na kila sikukuu kizibo kilichomolewa alfajiri kwa amri ya padri mwenyewe. Mama alikuja kwenye maandamano yote. Alikuwa mpole kwangu, mpole mno, kama unavyokuwa na mgeni ambaye hujui ataondoka lini. Nilidhani ananishuku na amenihukumu. Nilimkwepa. Nilipata kazi nyingi za shambani ambazo shamba halikuzihitaji.

Kisha mgongo wangu ukaanza kulalamika, na sajini akaniambia nimfundishe mwingine. Alikuwa kijana mmoja aliyeoa juzi, mrefu, mwenye mikono mizuri. Nikamsimamisha uani kwetu baada ya misa, nikatundika nusu debe la maji. Nikamweleza kengele ya kwanza, ya pili na ya tatu. Nikamweleza macho yanakuwa wazi. Halafu nikamwambia mdomo unafungwa.

"Na kukitokea jambo, kaka?" akauliza. "Nikiona hatari, niseme au nisiseme?"

Aliuliza kirahisi tu, kama mtu anayeuliza soko la Mwanga ni siku gani, huku debe likining'inia mbele yake. Nilimwambia ashushe mti aende nyumbani. Akaniangalia kwa wasiwasi, akadhani amenikosea adabu, akaniomba radhi, akaenda.

Mama alikuwa jikoni, mlango wazi, anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa amesikia yote. Niliingia nikakaa kwenye kigoda cha watoto, mtu mzima wa miaka thelathini na zaidi, magoti yamenifika kidevuni.

"Mama, siku ile nilimwona baba," nikasema. "Nilimwona akiingia majini, nikamwona akinyoosha mkono. Sikusema."

Aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe, akalitupa mlangoni.

"Najua," akasema. "Nilikuona ukimwona."

Sikuelewa. Nikamwambia kwamba walikuwa wameinama wote.

"Mimi sikuinama. Kila mwaka nilikuwa siinami, Mungu anisamehe. Nilikuwa naiba, nainua macho niwaone nyie na bendera yenu, kwanza baba yako, halafu wewe. Mlikuwa mnapendeza." Alitoa jiwe jingine. "Nikaona uso wako umebadilika. Nikageuka kutazama unakotazama. Nikauona mkono wake."

"Uliuona."

"Niliuona. Nikafungua mdomo nipige yowe. Halafu nikakuangalia tena wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa umesimama, uko juu, unaona kuliko mimi. Ukawa umetulia. Nikasema moyoni, mwanangu ametulia, basi hakuna hatari, labda mzee amesimama chini, labda kuna mtu anamfuata. Kama kungekuwa na kitu angesema. Nikafunga mdomo." Alishusha ungo sakafuni. "Kengele ikalia."

Nilitaka kumshika mkono na sikuweza. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikuuliza," mama akasema. "Siku ya tatu, wanawake walipotoka. Nilikuuliza ili uniambie, na mimi nikuambie. Ukasema ulikuwa unaitazama Sakramenti. Nikajua kwamba hutaki, na mtoto hawezi kulazimishwa. Basi nikakaa nalo."

Alivuta ungo, akauweka tena magotini, akarudi kwenye maharage. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, na sikujua ilikuwa imeanza lini, kwa sababu kwa miaka tisa nilikuwa nimejitahidi nisimtazame.